Hela ya Kwanza: Kichwani au Kwenye Ekzosi?

MNUNUZI: Nisije nikahukumiwa kabla sijasema, naweka mambo wazi. Nimenunua Yamaha R3, cc 321, silinda mbili, mpya kabisa. Nimebakiwa na milioni moja na nusu ya kuivalisha. Cha kwanza ni ekzosi. Hii ya kiwandani haina mlio. Nikisimama kwenye mataa ya Mwenge, bodaboda wa pembeni anasikika kunizidi. Mtu anunue pikipiki ya mbio halafu ilie kama cherehani?

MUUGUZI: Umesema unataka kuivalisha pikipiki. Wewe mwenyewe umevaa nini?

MNUNUZI: Helmeti ninayo, dada. Nilipewa dukani siku nilipoichukua.

MUUGUZI: Ya bure.

MNUNUZI: Ya bure, lakini ni helmeti. Imefunika mpaka kidevu.

MUUZA VIFAA: Hapo niingie, kwa sababu helmeti ndizo ninazouza. Kufunika kidevu siyo hoja kubwa. Hata ndoo itafunika. Chukua hiyo yako, tazama kwenye mkanda wa kidevuni. Helmeti iliyopimwa kwa kiwango cha Ulaya, ambacho toleo lake la sasa ni ECE 22.06, huwa na lebo iliyoshonwa pale, ina herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoipitisha. Hukuiona? Basi una kofia ya plastiki yenye sponji. Na usidanganywe na kibandiko cha DOT kilichopigwa kisogoni. Kule Marekani mtengenezaji ndiye anayejithibitishia mwenyewe, serikali inapita baadaye kuokota chache sokoni na kuzipima. Kibandiko chenyewe kinachapwa popote. Nimeviona vikiuzwa kwa karatasi nzima, unabandika unavyotaka.

MNUNUZI: Nilijua tu. Muuza helmeti ameona helmeti yangu haifai.

MUUZA VIFAA: Ekzosi nazo ninauza, mdogo wangu. Tena faida yake ni nene kuliko ya helmeti. Ningekuwa nafuata faida, mjadala huu ungekuwa umeisha na wewe umeshalipa.

MUUGUZI: Mimi siuzi kitu, basi nisikilizeni. Watafiti wa Cochrane walikusanya tafiti nyingi za ajali za pikipiki wakazichambua pamoja mwaka 2008. Helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna dawa wodini kwetu yenye uwezo huo. Mtu akishaletwa fahamu zimepotea, sisi tunapambana na uvimbe wa ubongo ambao kipande cha sponji ngumu kingeuzuia barabarani. Sponji ngumu ninayoisema ni ile inayopondeka ikipigwa. Ile laini ya kukuweka sawa mashavuni haifanyi kazi hiyo.

FUNDI: Sista, sikupingi hata neno moja. Ila hamjamjibu. Mnazungumza habari za baada ya kuanguka. Helmeti haijawahi kumzuia mtu asianguke. Kazi yake inaanza pale kazi yangu iliposhindikana. Mimi nasema hela ya kwanza iende kwenye vitu vinavyoamua kama utaanguka au hutaanguka. Matairi, breki, shokapu, cheni. Na habari njema ni kwamba kwenye pikipiki mpya mambo hayo karibu yote ni bure.

MNUNUZI: Bure kivipi, fundi? Gereji yako sijawahi kuona cha bure.

FUNDI: Leo utaona. Upepo kwanza. Karatasi ya upepo imebandikwa kwenye mkono wa nyuma au kwenye kava la cheni, isome. Usimsikilize kijana wa pancha anayejaza kwa kubonyeza kidole. Pili, shokapu ya nyuma. Imefungwa kiwandani kwa uzito wa mtu wa kukadiria, siyo wako. Ukikaa juu yake na mavazi yako yote, nyuma inatakiwa ishuke sentimita tatu au tatu na nusu kutoka pale ilipokuwa ikining'inia bila mzigo. Ikishuka zaidi, pikipiki inakaa matako chini, mbele panakuwa pepesi, kona inagoma. Tunazungusha ile pete ya springi, dakika kumi. Tatu, mkono wa breki na wa klachi: uurekebishe ufikiwe na vidole vyako bila kukunja kiganja. Hivyo vitatu tu, na pikipiki inakuwa yako. Watu wananunua shokapu za mamilioni kabla hawajagusa hiyo pete.

MKONGWE: Na tairi ulitazame umri, fundi. Hilo umelisahau.

FUNDI: Sijalisahau, nilikuwa nalijia. Pembeni mwa tairi kuna namba nne za mwisho ndani ya duara dufu. Ikiandikwa 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pikipiki inaweza kuwa mpya kwenye karatasi, kumbe imekaa ghalani miaka, mpira umekauka. Na hata tairi changa, kilomita za mwanzoni lina utelezi wa kiwandani. Usilale nalo kwenye kona kabla halijachubuka vizuri.

MKONGWE: Mimi niliponea hapo enzi za mitumba ya Japani. Kule leseni ya kati inaishia cc 400, ndiyo maana walitengeneza pikipiki za mbio za cc 400 kwa wingi, na zikichoka zinakuja huku. Unapata CBR400RR inang'aa, makava hayana mchubuko, lakini tairi lina umri wa mtoto wa darasa la tano. Mvua ya kwanza ya masika ndiyo inayokufundisha hesabu.

MNUNUZI: Wazee wangu, yote hayo nimeyachukua. Upepo, pete, tairi. Kama alivyosema fundi, ni bure. Kwa hiyo milioni yangu na nusu ipo palepale. Turudi kwenye ekzosi. Na msidhani ni sifa tu. Kwenye foleni, mlio ndio unaoniokoa. Dereva wa daladala hatazami saiti mira hata siku moja, lakini masikio hayana pa kufungia. Anisikie kabla hajaniona.

MKONGWE: Hoja hiyo niliitumia mwenyewe miaka mingi, basi ngoja niivunje kwa mikono yangu. Mwaka 1981 Marekani ilitoka ripoti ya Harry Hurt na wenzake. Walizifuata ajali 900 za pikipiki za Los Angeles, moja baada ya nyingine, mpaka mahali zilipotokea. Waligundua zaidi ya robo tatu ya hatari zilizosababisha ajali zilitokea mbele ya mpanda, ndani ya nyuzi 45 kila upande. Sasa ekzosi yako imeelekea wapi? Nyuma. Unampigia kelele mtu uliyekwisha kumpita.

MNUNUZI: Los Angeles ya 1981, mzee! Ilikuwa na daladala kama pale Ubungo? Nakupa mfano wa hapahapa. Natambaa katikati ya magari yaliyosimama, kasi yangu haifiki ishirini. Anayeniumiza ni aliye mita mbili mbele yangu: anafungua mlango atupe ganda la ndizi, au anahamia kushoto ghafla kufuata abiria. Umbali huo mlio haubagui mbele wala nyuma, unajaza nafasi yote kati ya gari na gari. Abiria anarudisha mkono. Nimekwisha kuona tofauti nikiwa kwenye pikipiki ya rafiki yangu mwenye bomba.

MKONGWE: Kwenye foleni iliyosimama, nakupa. Hapo una haki. Lakini kuna honi. Honi ya kiwandani inalia kama kifaranga. Nunua mbili kubwa, unapata kwa hela isiyofika hata robo ya bomba, na zinatazama mbele.

MNUNUZI: Honi Dar es Salaam? Nani anageuka akisikia honi? Kila mtu anapiga, tangu alfajiri.

MWANDISHI: Hapa nikiri kwamba kijana amemkaba mzee. Honi katika jiji hili ni salamu, ni matusi, ni kuitia abiria. Kama onyo imechuja. Ila naona amekwepa jambo. Mlio huohuo unaomwonya mwenye mlango Ubungo unapita saa tano usiku chini ya madirisha ya watu ambao hawako foleni.

MUUGUZI: Wengine wamelala wodini. Lakini sitaki kumjibu kwa kumtia aibu, aibu haimshiki mtu wa umri wake. Nataka fundi atuambie hilo bomba linaongeza nini, ukiacha kelele.

FUNDI: Ukweli? Ukibadilisha kipande cha mwisho peke yake, unapata farasi mmoja au wawili kama una bahati. Wakati mwingine hata hao hupati. Ukibadilisha bomba zima kutoka kwenye injini, hapo hewa na mafuta vinapishana. Injini hizi zimewekwa kiwandani zinywe mafuta kidogo ili moshi uwe safi. Ukiifungulia njia ya kutoa pumzi, inakosa mafuta zaidi, inachemka. Lazima kompyuta yake ipangwe upya. Nani atakupangia? Wapo wachache, wengine wanabahatisha. Halafu mtu akishaanza hapo anataka na ea klina ya kuvuta hewa nyingi. Inayopitisha hewa nyingi ina tabia ya kupitisha na vumbi. Sisi hatuishi Uswisi. Njia ya mchepuko ikifunguliwa Kibaha, unakunywa udongo kilomita nzima.

MNUNUZI: Na uzito? Ya kiwandani ni chuma kizito. Nikifunga ya titani napunguza kilo mbili, tatu.

FUNDI: Acha chipsi mayai mwezi mmoja, utazipunguza hizo kilo bila kunilipa.

MUUZA VIFAA: Sasa nilete kitu ambacho hakuna aliyekigusa. Nyote mnaongelea ajali. Pikipiki mpya nyingi haziangukii barabarani. Zinaanguka zimesimama. Stendi inazama kwenye lami iliyolainishwa na jua la saa nane, au kwenye mchanga wa maegesho ya ufukweni Kunduchi. Mtu anageuza polepole nyumbani, mguu unakosa pa kukanyaga, inalala. Kava moja la pembeni limepasuka, mkono wa breki umevunjika, indiketa imekwenda. Kava la R3 haliko rafu ya chini pale Kariakoo, unaagiza, unasubiri. Kwa hiyo mimi nasema hela ya kwanza baada ya helmeti iende kwenye vigongo vya fremu: vile vipande viwili vya plastiki ngumu vinavyojitokeza pembeni, vipokee vishindo kabla ya kava. Na sahani pana ya kuweka chini ya stendi, ambayo ni hela ya soda.

FUNDI: Sahani ya stendi, sawa. Vigongo sivipendi.

MUUZA VIFAA: Kwa nini? Umefunga vya wangapi?

FUNDI: Vingi, ndiyo maana sivipendi. Ikianguka imesimama, vinaokoa, sikatai. Lakini ikiteleza kasi kubwa, kigongo kinashika ukingo wa barabara au shimo, kinakuwa mkuki. Nguvu yote inaingia kwenye bolti ya injini iliyokishikilia. Nimepokea pikipiki ambayo kava lilibaki zima, halina hata mkwaruzo, na pale bolti inapoingia injini imepasuka. Kava unaagiza. Injini je?

MUUZA VIFAA: Hivyo vilikuwa vya bei ya kutupa, vigumu, havina pa kuteleza. Vizuri huwa vifupi na vya mviringo, vinateleza juu ya lami.

FUNDI: Na mnunuzi wa kwanza anavijuaje vizuri? Kwa bei unayomtajia wewe.

MWANDISHI: Hili halikumalizika, nami sidhani kama linaweza kumalizwa mezani. Anayeegesha mchangani kila siku na anayekwenda Chalinze kila Jumapili wanahitaji majibu mawili tofauti. Kijana, wewe ni yupi?

MNUNUZI: Wote wawili. Kazini katikati ya wiki, Jumapili Bagamoyo na wenzangu.

MUUGUZI: Na wenzako wanavaa nini Jumapili?

MNUNUZI: Inategemea. Wenye pikipiki kubwa wana jaketi. Sisi wengine ni fulana na jinzi. Dada, na hapa nataka unisikilize bila kunitazama hivyo. Dar es Salaam nyuzi 32, unyevu wa pwani, unataka nivae jaketi la ngozi, glavu, buti mpaka magotini? Mbele ya taa nyekundu nitazimia. Hayo mavazi yametengenezwa na watu wa baridi kwa watu wa baridi.

FUNDI: Hapo namuunga mkono. Mtu aliyeishiwa maji mwilini anafanya maamuzi ya kijinga. Anachelewa breki, anasahau indiketa. Jaketi linaloleta ajali ili baadaye likukinge na ajali hiyohiyo, mimi silielewi.

MUUGUZI: Mmemaliza? Nikuulize, fundi: mtu akianguka, kitu cha kwanza anachotanguliza ni nini?

FUNDI: Mikono.

MUUGUZI: Mikono. Hata mtoto wa mwaka mmoja. Hakuna aliyewahi kuanguka akaifunga nyuma. Sasa kiganja cha mtu kikiburuzwa kwenye kokoto za lami, ngozi haikwanguki kama goti la mtoto. Inakwenda yote, mpaka unaona kano. Tunasafisha kwa brashi, kila siku, mtu mzima analia kwa jina la mama yake. Kupandikiza ngozi ya kiganja ni kazi ngumu kwa sababu ya kiganja ni ya aina yake, huitoi pajani ikafanana. Na huyu ni fundi cherehani, ni mpishi, ni karani. Anaishi kwa vidole. Sijasema jaketi la ngozi. Nimesema glavu. Kuna glavu za mpanda zenye matundu, zina gamba gumu chini ya kiganja. Nyuzi 32 haziwezi kuwa sababu ya kukosa glavu.

MKONGWE: Na jaketi za wavu zipo. Upepo unapita kifua kizima, na kwenye mabega na viwiko kuna pedi. Ulaya wameyapanga mavazi kwa madaraja: AAA ndiyo ngumu kuliko zote, halafu AA, halafu A. Ya wavu mara nyingi utaikuta daraja A. Siyo ya kukukinga kwa kasi kubwa, lakini ukilinganisha na fulana ya mpira ni mbingu na ardhi. Mimi yangu ililetwa na shemeji kutoka Dubai. Kule joto linazidi letu, na kuna watu wanaendesha nayo.

MNUNUZI: Wanaendesha usiku, mzee.

MKONGWE: Wengine usiku, ndiyo. Basi na wewe ondoka alfajiri. Bagamoyo haihami.

MUUGUZI: Kuna swali moja sijauliza. Nyuma unampakia nani?

MNUNUZI: Mara mojamoja mchumba wangu.

MUUGUZI: Anavaa helmeti ipi?

MNUNUZI: ...Ile ya bure.

MUUGUZI: Kwa hiyo ukinunua nzuri, ile isiyo na lebo, ambayo muuza vifaa ameiita sponji, inahamia kwake.

MNUNUZI: Sijasema hivyo.

MUUGUZI: Hukusema, lakini hesabu yako inasema. Milioni moja na nusu uliyotutajia ni ya mtu mmoja na pikipiki moja. Huyu wa nyuma hamkumtaja kabisa, si wewe, si fundi, si mzee. Wodini kwangu anakuja naye, kitanda cha pili. Yeye hakuchagua kasi, hakushika breki, na mara nyingi hakuona kilichotokea kwa sababu alikuwa ameficha uso mgongoni mwa mtu.

FUNDI: Na shokapu niliyoipanga kwa uzito wa mmoja, akipanda wa pili imekwisha. Taa ya mbele inatazama nyota. Itabidi nikufundishe kuzungusha ile pete mwenyewe, maana hutaniita kila mkitoka.

MUUZA VIFAA: Kama ni helmeti mbili zenye lebo, nakufanyia bei. Siyo za juu kabisa, za kati. Na kichwa chake aje nacho mwenyewe, usimpimie kwa kukadiria. Helmeti inayochezacheza kichwani huchomoka.

MNUNUZI: Mbili za kati, glavu jozi moja...

MUUGUZI: Mbili.

MNUNUZI: Glavu jozi mbili. Hapo nimeshakula zaidi ya nusu ya hela, na pikipiki yenyewe haijapata hata kibandiko.

MKONGWE: Kabla hujaendelea kukatakata, niseme langu, kwa sababu lenyewe halina bei kabisa. Ripoti ileile ya Hurt: asilimia 92 ya waliopata ajali hawakuwahi kufundishwa na mwalimu. Walijifundisha wenyewe au walifundishwa na ndugu na marafiki. Wewe nani alikufundisha?

MNUNUZI: Binamu yangu. Uwanja wa shule, jioni mbili.

MKONGWE: Umewahi kubana breki kwa nguvu zako zote mpaka ABS, ile inayozuia tairi lisijifunge, ikakugonga vidoleni?

MNUNUZI: Hapana. Kwa nini nibane hivyo?

MKONGWE: Kwa sababu siku utakayohitaji, mkono utaogopa. ABS ipo lakini haijibani yenyewe. Watu wengi wana breki nzuri na wanagonga wakiwa wamezitumia nusu. Na usiniambie mjini unakwenda polepole. Nusu ya ajali zile 900 kasi ilikuwa chini ya kilomita 48 kwa saa kabla mambo hayajaharibika, na mpanda alikuwa na muda usiofika sekunde mbili wa kufanya lolote.

FUNDI: Niongeze hesabu. Kasi 50, ile inayoruhusiwa mjini, unakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, mita 14 zimekwenda hujagusa kitu. Halafu breki, kama unajua na lami ni kavu, mita 12 nyingine. Jumla 26. Panda mpaka 80, unahitaji kama mita 54. Kasi haikuongezeka hata mara mbili, lakini umbali umezidi mara mbili. Watu wananijia wakitaka mipira ya breki ya nyuzi za chuma. Ni mizuri, haivimbi kama ya raba. Lakini ukimuuliza oili ya breki ilibadilishwa lini, hajui, na oili hiyo inanyonya unyevu wa hewa. Miaka miwili inatakiwa ibadilishwe, kwa pwani yetu hata mapema zaidi.

MNUNUZI: Mazoezi nakubali. Nitatafuta uwanja. Lakini tusidanganyane kwamba hili ni jibu la swali langu. Niliuliza ninunue nini, mzee ananiambia nisinunue.

MUUZA VIFAA: Kufuli ya diski. Hiyo lazima, na kamba yake ya rangi ya kukukumbusha, iende mpaka kwenye usukani. Usipoona kamba utaondoka nayo imefungwa, hapo ndipo vigongo vya fremu vitakapoingia kazini.

FUNDI: Amerudi na vigongo vyake.

MNUNUZI: Na kishikio cha simu? Bila ramani siendi mahali.

MUUZA VIFAA: Nunua chenye mpira wa kupunguza mtikisiko. Mwaka 2021 Apple wenyewe walitoa onyo kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone. Wateja wameniletea simu wakidhani kishikio ndicho kibovu.

MKONGWE: Mwambieni na madigadi ya nyuma asiikate. Vijana wanaikata nyuma ionekane imechongoka, namba wanaikunja chini ya kiti. Trafiki anakukamata, halafu masika yakifika, tope linapanda mgongo mzima mpaka kisogoni. Aliyeko nyuma ndiye anayelila.

MNUNUZI: Sawa. Sasa nisikilizeni na mimi. Tangu tumeanza mmenipa kifo, ngozi, ubongo, tope, trafiki na wizi. Yote kweli. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini nilinunua hii. Ningetaka kufika tu, ningenunua Boxer. Inabeba, inakula mafuta kidogo, spea zipo kila kona. Nimenunua hii kwa sababu nikiiwasha nafurahi. Kama kila senti itakwenda kwenye kuogopa, basi nimenunua pikipiki ya watu wengine. Mlio ni sehemu ya furaha hiyo. Msiniambie ni ujinga.

MKONGWE: Siyo ujinga. Mimi nina umri huu na bado nikipita chini ya daraja napiga resi.

MUUGUZI: Mzee!

MKONGWE: Nasema ukweli, sista. Ukimnyima kijana furaha yote, ataificha, halafu ataitafuta usiku peke yake. Bora aifanye mbele yetu.

MUUGUZI: Mimi sipingi furaha. Napinga mpangilio. Bomba ukilinunua mwezi wa nne litakuwa limekuharibia nini? Glavu ukizinunua mwezi wa nne, kuna miezi mitatu ya mikono mitupu.

MNUNUZI: Mwezi wa nne kutakuwa na ada ya mdogo wangu, kutakuwa na msiba, kutakuwa na harusi. Unajua mwenyewe. Hela ya furaha hairudi mara mbili.

FUNDI: Sevisi ya kwanza inakuja kwenye kilomita elfu moja. Injini changa, kitabu chake kinakuambia usiibane juu kilomita za mwanzoni. Bomba la mbio kwenye injini usiyoruhusiwa kuipandisha utalisikilizia nini? Njoo na pikipiki kwenye kilomita elfu. Ukiwa bado unalitaka, nitalifunga. Ila lile la kiwandani usiuze. Litie kwenye gunia.

MUUGUZI: Na ukilifunga, fundi, utamuuliza nani amekaa nyuma?

FUNDI: Nitaangalia helmeti zote mbili kwanza. Lebo ya mkandani.

MNUNUZI: Na kama moja haina?

FUNDI: Spana zangu zitakuwa zimepotea siku hiyo.

MNUNUZI: Mafundi ni wengi Dar es Salaam.

MUUZA VIFAA: Ni wengi. Ila vichwa mnavyo viwili. Mlete kesho nimpime.